Kutapika Damu na Tiba Yake

Mazungumzo yetu ya jioni hii yahusu maradhi ambayo jina lake halitajwi sana katika mabaraza yetu, ijapokuwa tendo lake, likitokea, hujulikana na kijiji kizima kabla ya mapambazuko. Nayo ni kutapika damu kunakotokana na mishipa iliyovimba ndani ya mfuko wa tumbo, na namna matabibu wa zama hizi wanavyoweza kuufikia mshipa huo kwa kupitia kinywani, bila ya kupasua ngozi, wakaudunga sindano ya gundi na kuizuia damu palepale inapotokea.

Nimependa tuyatazame maradhi haya tukiwa Buyangu, kwa sababu mtu aliyeko mjini huidhania tiba hii kuwa ni jambo la chumba kimoja na mitambo yake, ilhali aliyeko Buyangu hujua kwamba ni jambo la safari. Buyangu iko upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, nchini Kenya, mahali ambapo katikati ya miaka ya 1980 serikali ilitenga sehemu ya msitu iwe hifadhi ya taifa, na ambapo mto Isiukhu huanguka kwa maporomoko ukienda kukutana na maji ya Nzoia, ambayo hatima yake ni Ziwa Viktoria. Upande mmoja ni msitu wa mvua na nyani wake. Upande wa pili ni mahindi, maharagwe na miwa ya Kabras. Na barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye hupita upande wa Kambi ya Mwanza. Katika maboma ya huko, kama katika maboma mengine mengi ya nchi yetu, mtu akitapika damu usiku husemwa mambo matatu: kwanza, kwamba amelishwa sumu, pili, kwamba amerogwa, na tatu, husemwa na wale wajionao wajuzi, kwamba ni vidonda vya tumbo, apewe maziwa alale. Rai ya kwanza na ya pili hutia fitina baina ya jirani na jirani. Lakini rai ya tatu, ambayo imevaa sura ya elimu, huenda ikaua upesi kuliko hizo mbili, kwa kuwa humtuliza mwenye nyumba wakati ambao hakutakiwa kutulia.

Basi na tuanze na asili ya jambo. Damu yote itokayo katika mfuko wa tumbo, katika matumbo na katika wengu hairudi moyoni moja kwa moja, bali hukusanywa kwanza na mshipa mmoja mkubwa uingiao katika ini, ili ini lichukue akiba ya chakula na kuondoa sumu, ndipo damu iendelee na safari yake. Kwa mtu mwenye siha njema, nguvu inayohitajika kuipitisha damu hiyo katika ini ni ndogo mno, haipiti milimita 5 za zebaki. Ini likishika makovu, njia zake husongeka na mgandamizo hupanda. Ukifika milimita 10, damu huanza kutafuta njia za kando, na ukipita milimita 12, njia hizo zaweza kupasuka. Hebu fikirini trekta la miwa limepinduka na kuziba barabara kuu pale Malava: magari hayakai kungoja, bali hugeukia vijia vilivyo baina ya mashamba, ambavyo vilikatwa kwa ajili ya baiskeli na wachukuzi wa kuni, na malori yakishinda yakipita humo kila siku, kingo zake hubomoka. Vijia hivyo mwilini ni mishipa myembamba iliyo mwisho wa umio na juu ya mfuko wa tumbo, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo wa damu namna hiyo.

Mishipa ya umio ndiyo mashuhuri zaidi, na ndiyo ipasukayo mara nyingi. Ile ya mfuko wa tumbo ni adimu kidogo: mwaka 1992, tabibu wa Kihindi Shiv Kumar Sarin na wenzake walionyesha kwamba huonekana kwa takriban mgonjwa mmoja katika kila watano wenye mgandamizo huo, wakaipanga kwa mafungu ambayo matabibu wa dunia nzima huyatumia hadi leo. Lakini uchache wake usitudanganye. Mishipa iliyoko katika kuba la juu la mfuko wa tumbo ni minene, imelala chini zaidi ya utando, na huungana na mikondo mikubwa ya wengu na figo; kwa hiyo hupasuka mara chache kuliko ya umio, lakini siku inapopasuka, damu hutoka kwa wingi wa kutisha, na mtu aliyekula chakula cha jioni pamoja na wanawe huenda asifike alfajiri. Wakati mwingine dalili haiji kwa matapishi, bali kwa choo cheusi chenye kunata na harufu kali, pamoja na kizunguzungu na jasho baridi. Na huyu wa choo cheusi ndiye hucheleweshwa zaidi, kwa maana damu haikuonekana na watu.

Sasa, ni nini kilichotia ini makovu? Katika nchi zetu sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni homa ya ini aina ya B, ambayo mtoto huweza kuipata kwa mamaye wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzake akiwa mdogo, ikakaa mwilini miaka thelathini bila ya kusema neno. Kenya iliingiza chanjo yake katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001. Hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wazazi na walezi wa nyumba, hawakuipata. Ya pili ni pombe. Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa na kutaka iuzwe ndani ya chupa za glasi zenye kutajwa kilichomo; lakini sheria yaweza kuhalalisha kinywaji, haiwezi kuliamuru ini likipokee. Hata hivyo, nawasihi wasikilizaji wangu, msifanye haraka kumhukumu mgonjwa, kwani wako watapikao damu ambao hawajaonja busaa wala chang'aa tangu kuzaliwa kwao, nao hufichwa nyumbani kwa sababu jamaa wanaona haya watu wasije wakasema kwamba baba yao alikuwa mlevi.

Sababu ya tatu ni kichocho cha tumbo. Mwaka 1851, tabibu wa Kijerumani Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alipokuwa akichunguza maiti aliikuta minyoo ndani ya mshipa uleule tuliousema, uingiao katika ini. Mnyoo huyu hutoka kwa konokono wa majini, huingia kwa kupenya ngozi ya mtu aogaye, avuaye au afuaye nguo, kisha huishi katika mishipa ya matumbo na kutaga mayai. Mengine hutoka kwa choo, na mengine huchukuliwa na damu hadi katika ini, ambako kila yai huacha kovu. Mayai yakiwa mengi na miaka ikiwa mingi, kandokando ya matawi ya mshipa ule hukaa makovu manene, wengu ukavimba hata ukashikika kwa mkono juu ya tumbo. Ndiyo maana pande za Mwanza, nchini Tanzania, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kutapika damu ni jambo la kawaida katika wodi: utafiti wa Hospitali ya Bugando uliochapishwa mwaka 2014 juu ya wagonjwa waliolazwa kwa sababu hiyo uliikuta mishipa ya umio iliyovimba ikiandamana na kichocho. Na katika West Nile ya Uganda, matabibu walikuwa wakiandika habari za maradhi haya na madhara yake kwa ini tangu mwanzo wa miaka ya 1970.

Huenda msikilizaji wa Buyangu akaniambia: bwana, sisi hatuko ukingoni mwa ziwa. Ni kweli, lakini watu wa Kakamega hawakai mahali pamoja. Vijana huenda kuvua samaki katika fuo za Ziwa Viktoria, wengine huenda Mwea kwenye mashamba ya mpunga, ambako kichocho cha tumbo kinafahamika tangu zamani, kisha hurudi nyumbani kujenga na kuoa, na miaka kumi na mitano baadaye hakuna akumbukaye maji waliyoyakanyaga ujanani. Kwa hiyo tabibu mwenye busara, akimwona mtu mwenye wengu mkubwa, humwuliza si anakoishi tu, bali alikokwenda kutafuta riziki. Na hapa pana jambo la kutia moyo: mgonjwa wa kichocho, tofauti na mgonjwa wa pombe, aghalabu ini lake bado lafanya kazi zake vizuri, ila njia za damu ndizo zilizosongeka; akizuiliwa kutokwa damu, huweza kuishi miaka mingi akilima na kulea wanawe. Hasara ya kumpoteza mtu kama huyo kwa usiku mmoja ni kubwa mno.

Haya, na tiba yake ilianzaje? Mtu wa kwanza kutazama ndani ya mfuko wa tumbo la mtu aliye hai kwa kupitia kinywani alikuwa Adolf Kussmaul wa Freiburg, mwaka 1868, naye ilimbidi amtumie mtu wa michezo ya kumeza upanga, kwa maana bomba lake lilikuwa la chuma, lisilopinda. Mwaka 1939, Waswidi wawili, Crafoord na Frenckner, walipitisha bomba la namna hiyo kooni mwa mgonjwa na kudunga dawa ya kwinini katika mishipa ya umio ili ikauke. Mwaka 1950, huko Marekani, Sengstaken na Blakemore walileta mpira wa kumezeshwa, ujazwao hewa tumboni ili ukandamize mishipa. Nao hata leo hutumika pale ambapo hakuna njia nyingine, lakini ni wa kuokoa saa tu, kwa sababu ukikaa zaidi ya siku moja huozesha nyama ulizozikandamiza. Kisha, mwaka 1957, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, akatengeneza bomba lipindalo, lenye nyuzi za kioo zipitishazo nuru, na kabla ya kumpa mgonjwa alilimeza mwenyewe. Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa endoskopi ya leo, ambayo watu wetu huiita kumeza kamera.

Kwa mishipa ya umio, dawa iliyoshinda ni ya mpira: katika miaka ya 1980, Greg Van Stiegmann wa Colorado alionyesha kwamba mshipa waweza kuvutwa kwa hewa ndani ya kikombe kidogo kilicho kwenye ncha ya endoskopi, ukafungwa shina lake kwa kipete cha mpira, ukanyauka na kudondoka. Lakini mipira hiyo haikufaa sana kwa mishipa ya juu ya mfuko wa tumbo, ambayo ni minene hata kipete hakiikamati yote. Nacho kikidondoka mapema huacha kidonda juu ya mshipa ulio wazi, na msiba wa pili ukawa mkubwa kuliko wa kwanza. Ndipo Nib Soehendra, tabibu mzaliwa wa Indonesia aliyekuwa Hamburg, pamoja na wenzake, walipotangaza mwaka 1986 kwamba wameidunga mishipa hiyo gundi ya sayanoakrileti, jamaa ya ile gundi ambayo madaktari huitumia kuunganisha majeraha ya ngozi bila ya uzi. Mwaka 2001, huko Taiwan, njia hizi mbili zililinganishwa, ikaonekana kwamba waliotokwa damu tena walikuwa 31 katika kila 100 kwa gundi, na 54 katika kila 100 kwa mipira. Tangu siku hizo gundi ndiyo iliyotangulizwa na wengi kwa mishipa ya kuba la tumbo.

Natamani niwaonyeshe kazi yenyewe kwa karibu, maana hofu nyingi hutokana na kutoijua. Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, hutiwa kipande cha plastiki baina ya meno asije akaiuma endoskopi, hupuliziwa ganzi kooni, na kupewa dawa ya kumlaza kidogo. Na kama damu ni nyingi, hutiwa kwanza mrija katika njia ya pumzi ili damu isiingie mapafuni. Daktari huishusha endoskopi, nene kiasi cha kidole, hadi katika mfuko wa tumbo, kisha huikunja ncha yake irudi juu itazame mahali ilipoingilia, kwa kuwa mishipa inayotafutwa imejificha katika kuba, nyuma ya mlango. Huko huonekana imejiviringa, ina rangi ya samawati iliyofifia, na mahali ilipopasuka pana doa jekundu, au kizibo kidogo cheupe cha damu iliyoganda. Muuguzi aliye upande wa pili, aliyevaa miwani ya kinga kama daktari mwenyewe, kwa sababu tone moja la gundi katika jicho ni balaa, huwa amekwisha kuichanganya gundi na mafuta ya Lipiodol ili isigande kabla ya wakati wake na ili ionekane katika picha ya eksirei.

Sindano huchomozwa, hupenya mshipa, na muuguzi husukuma gundi, nusu mililita au mililita moja, akifuatisha mara moja maji yaliyotoneshwa ili gundi yote iliyosalia katika mrija imalizikie ndani ya mshipa. Hapo hapana wasaa wa mazungumzo. Gundi ikikutana na damu huwa ngumu kwa muda wa sekunde chache. Sindano ikicheleweshwa hunaswa, na ikitolewa mapema gundi humwagika tumboni. Ikisha kutolewa, endoskopi haivuti maji wala hewa kwa kitambo, isije ikanyonya gundi na kuziba tundu lake, jambo ambalo huharibu chombo cha thamani kubwa. Kisha daktari huubonyeza mshipa kwa ncha butu ya mrija: ukiwa laini bado, hudungwa tena; ukiwa mgumu, kazi imekwisha. Katika ripoti nyingi, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi huzuiliwa damu namna hii. Hatari nazo zipo, wala si haki kuzificha: kipande cha gundi huweza kusafiri na damu hadi mapafuni, homa huweza kufuata, na baada ya majuma au miezi bonge la gundi huchomoza na kudondoka tumboni, mara nyingi bila ya dhara, mara moja moja kwa kutokwa damu tena.

Nimeisifu sindano, na inastahili sifa. Lakini sasa nafika katika neno ambalo hasa ndilo lililonileta mbele yenu. Sindano hiyo huziba tundu, wala haiondoi mgandamizo. Na ili izibe tundu, ni lazima mgonjwa afike akiwa hai. Kazi ya daktari ni ya nusu saa. Iliyobaki, yaani saa zilizotangulia na miaka iliyoandamana nazo huku na huku, iko mikononi mwetu sisi tusio madaktari.

Tuzitazame hizo saa. Tuseme mtu wa Buyangu ametapika damu saa saba za usiku. Njia ya kutoka bomani hadi barabara kuu ni ya bodaboda, na mvua za Kakamega mnazijua. Mgonjwa aliyetokwa damu asisimamishwe wala asinyweshwe kitu chochote, si maziwa, si maji ya chumvi, si dawa ya mizizi. Alazwe kwa ubavu, afunikwe, na simu ipigwe kwa mhudumu wa afya ya jamii na kwa mwenye gari kabla ya kupigwa kwa jamaa walioko Nairobi. Akifika hospitali ya kwanza, iwe Malava au Kakamega, yako mambo ambayo hayahitaji endoskopi hata kidogo, nayo ndiyo hutenganisha walio wengi na mauti: mishipa miwili ya mkono ifunguliwe kwa maji ya dripu, damu ichukuliwe ipimwe kundi, antibiotiki ianzishwe, na dawa ya oktreotaidi au mfano wake, ambayo hupunguza damu iendayo katika mshipa wa ini, ianze kuingia hata kabla ya kujulikana ni mshipa gani uliopasuka. Matabibu wanaokutana kwa mikutano iliyoanzia mji mdogo wa Baveno, Italia, mwaka 1990, wamekubaliana kwamba mgonjwa akisha kutulizwa, endoskopi ifanywe ndani ya saa 12.

Juu ya kuongezewa damu pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Jamaa huona kwamba kadiri mgonjwa alivyopoteza, ndivyo arudishiwe, na zaidi. Lakini utafiti uliofanywa Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba walioongezewa kwa kiasi, hemoglobini ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita tu, waliokoka zaidi kuliko waliojazwa, kwani damu nyingi hupandisha upya mgandamizo uleule ulioupasua mshipa. Pamoja na hayo, hicho kiasi kinachotakiwa ni lazima kiwepo. Nasi hapa Kenya hutegemea mno damu ya wanafunzi wa shule za sekondari, hata shule zikifungwa, benki za damu huanza kupungukiwa. Mtu mzima wa Buyangu au wa Malava mwenye afya, aliyetoa damu mwezi wa Desemba, huenda akawa amemwokoa jirani yake ambaye daktari bingwa hajamfikia.

Na huyo bingwa yuko wapi? Iko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, umbali wa kilomita mia moja hivi. Iko ya rufaa ya Kisumu upande wa pili. Na kusini zaidi, Bomet, iko Hospitali ya Tenwek, ambayo kwa sababu ya wingi wa saratani ya umio katika pande zile imekuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya kufundishia endoskopi katika nchi hii. Lakini endoskopi ya kuchunguza mchana ni moja, na endoskopi ya kutibu mshipa utokao damu usiku wa manane, yenye sindano yake, gundi yake, muuguzi aliyezoea na damu katika jokofu, ni nyingine. Utafiti mmoja wa Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba uwezo wetu wa endoskopi ni baina ya asilimia 1 na asilimia 10 ya ule wa nchi tajiri. Hesabu hiyo haituambii tukate tamaa. Yatuambia kwamba hospitali isiyo na endoskopi haina udhuru wa kukosa dripu, antibiotiki, oktreotaidi na nambari ya simu ya hospitali iliyo nayo, maana mgonjwa aliyeandaliwa vema hustahimili safari ya Eldoret, na asiyeandaliwa hufia njiani hata kama huko mwisho wa safari wamemngoja mabingwa watatu.

Nimezisema saa, sasa niiseme miaka. Aliyedungwa gundi akapona hurudi nyumbani akiwa na furaha, wala haoni maumivu yoyote, na hapo ndipo hatari yake ya pili inapoanza. Ametakiwa arudi baada ya majuma mawili hadi manne, ili mishipa itazamwe tena na kudungwa hadi itoweke. Lakini nauli ni ya kutafuta, shamba linataka palizi, na mtu asiyeumwa huona ni upotevu kuuza kuku aende kumeza kamera. Pengine pia amepewa propranololi, kidonge cha bei nafuu, ambacho tabibu Mfaransa Didier Lebrec na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba huzuia damu isirudi kwa kuupunguzia mzigo mshipa wa ini. Naye hukiacha kikisha, kwa kudhani kwamba alipewa cha kumaliza kama dawa ya malaria. Kidonge hiki hakiwafai watu wote, wenye pumu hawafai kukitumia, na kwa hiyo asikinunue mtu kwa kusikia redioni. Lakini aliyeandikiwa asikiache bila ya kumwuliza aliyemwandikia.

Aidha, ziko dawa za maumivu zinazouzwa dukani pamoja na sukari na majani ya chai, kama vile aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Hizo ni adui wa mtu wa namna hii, naye akiumwa na goti aseme wazi kwa mwuza dawa kwamba amewahi kutokwa damu tumboni. Na kuhusu mizizi ya msituni, mimi si mtu wa kuudharau Msitu wa Kakamega, ambao mukombero wake hutafunwa hadi katika mitaa ya miji mikubwa. Mzee afahamuye miti yake ana elimu yake. Nasema tu kwamba usiku wa damu si wakati wa kujaribu, na kwamba mganga mwaminifu ni yule ambaye, akiona choo cheusi, humfunga mgonjwa wake shuka na kumtafutia bodaboda.

Rai yangu, basi, ni hii. Tumezoea kukusanyana siku ya matapishi: harambee hufanywa, ng'ombe huuzwa, gari hukodishwa, na hapana gharama inayoonekana kubwa. Lakini fedha hiyohiyo, ingetolewa mapema kidogo kidogo, ingetenda mengi zaidi. Gharama ya kumpima mtu homa ya ini B ni ndogo. Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, humwua mnyoo wa kichocho kwa dozi moja, na aliyewahi kuvua au kulima mpunga angeimeza kabla ya wengu kuvimba. Aliyeonekana na wengu mkubwa, au ambaye kipimo cha damu kimeonyesha upungufu wa chembe sahani, angepelekwa kwenye picha ya tumbo na endoskopi mchana kweupe, kwa miguu yake mwenyewe, mishipa ikaonekana kabla ya kupasuka. Zamani, takriban nusu ya waliotokwa damu hii walikufa. Leo, pale penye kila kitu, ni 15 hadi 20 katika kila 100 ndani ya majuma sita. Basi hata penye kila kitu, bado ni wengi. Na idadi hiyo haiwezi kushushwa na gundi peke yake. Wakuu wa kaunti wapendao kufungua majengo, nawaomba waikumbuke pia nauli ya mgonjwa wa marudio, kwa kuwa ziara ya pili isiyofanyika huibatilisha tiba ya kwanza iliyogharimu fedha nyingi.

Nawe msikilizaji, ukiwa Buyangu, Malava, Lurambi au popote pale, ikiwa katika nyumba yako yuko aliyewahi kutapika damu akapona, usingoje nimalize kusema: mwulize usiku huuhuu tarehe yake ya kurudi hospitali ni ipi, na nauli yake iko wapi. Kama tarehe imepita, aende kesho, wala asione haya. Hospitali humpokea aliyechelewa.